Futi trilioni 2.17 za Ruvu: kwa nini takwimu za gesi na mafuta hubadilika kila mwaka

Kila tunapofungua simu kwenye kipindi cha asubuhi kuzungumzia bei ya petroli, halikosi swali moja kutoka kwa msikilizaji wa Makurunge, Kaole au Mlingotini: ile gesi yetu ya Ruvu imeishia wapi? Ni swali la haki. Februari 2016 nchi nzima ilitangaziwa kwamba katika bonde la Ruvu, hapa Mkoa wa Pwani, imegunduliwa gesi asilia inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 2.17. Mgunduzi alikuwa Dodsal, kampuni yenye makao yake Falme za Kiarabu. Vyombo vya habari vya ndani na vya nje viliripoti kwamba sasa akiba ya gesi ya Tanzania imevuka futi trilioni 57.

Nasi tulisoma hivyo hivyo hewani, tukatumia neno "akiba" bila kulitafakari. Kwa wengi wetu huku Ruvu ni mto na maji, ni mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayonywesha Dar es Salaam. Kusikia kwamba chini yake kuna gesi ilikuwa habari kubwa. Watu walianza kuulizana kuhusu ajira, na wenye mashamba kuhusu fidia.

Hadi mwishoni mwa mwaka 2025 hakukuwa na gesi ya Ruvu iliyouzwa popote. Hilo halina maana kwamba tulidanganywa. Sisi wasomaji wa habari, na nyinyi wasikilizaji, tulipokea namba ya aina moja tukaielewa kuwa ya aina nyingine. Tofauti hiyo ndiyo tunataka kuieleza leo, kwa sababu mikopo ya serikali, ramani za viwanda na bei ya lita moja pale kituoni vyote husimama juu ya namba kama hizi.

Twendeni kwanza baharini. Mvuvi wa Bagamoyo anajua kwamba kati ya hapa na Unguja kuna samaki wengi mno. Hao ni samaki waliopo. Wavu wake hauwezi kuwapata wote: wengine wako chini sana, wengine wako kwenye miamba inayochana nyavu. Wanaoweza kuingia wavuni ni sehemu tu. Na hata hao, siku petroli ya mashine ikipanda na bei ya mnadani ikashuka, wapo ambao kuwafuata ni hasara, kwa hiyo boti inabaki ufukweni ingawa samaki hawajahama.

Gesi na mafuta vina ngazi hizo hizo tatu. Kuna kilichopo ardhini, kuna kinachoweza kuvunwa kwa mitambo iliyopo, na kuna kinacholipa kuvunwa kwa bei ya leo, kikiwa na mradi ulioidhinishwa na mnunuzi anayejulikana. Hiki cha tatu ndicho wataalamu huita akiba. Takwimu rasmi ya Tanzania, futi trilioni 57.54, ni ya ngazi ya kwanza: ni makadirio ya gesi iliyokuwamo ardhini kabla ya kuvunwa. Kati ya hizo, futi trilioni 47.13 ziko kwenye kina kirefu cha bahari na 10.41 ziko nchi kavu na kwenye maji mafupi. Zile 2.17 za Ruvu zimo ndani ya hizo 10.41, kwa hiyo takriban moja ya tano ya gesi yote inayohesabiwa nje ya kina kirefu imeandikwa kwa jina la Ruvu.

Kuna hesabu moja ambayo huwa tunaisikia kwenye mikutano ya hadhara. Nchi hutumia chini ya futi bilioni 100 za gesi kwa mwaka. Chukua trilioni 57.54, gawanya, utapata zaidi ya miaka 500. Kwenye karatasi hakuna kosa. Lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo iko chini ya bahari yenye kina cha zaidi ya kilomita moja, haina bomba wala kisima cha uzalishaji hata kimoja. Gesi inayozalisha umeme wetu leo inatoka Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika 2004, na Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982. Ni visima vichache, na presha ya kisima hushuka kadiri gesi inavyotoka. Kwa hiyo nchi yenye "gesi ya miaka 500" inaweza kabisa kupungukiwa na gesi mwakani kama haijachimba visima vipya kwa wakati. Mambo hayo mawili hayapingani.

Mfano mdogo lakini wenye mafunzo ni Kiliwani North, jirani kabisa na Songo Songo. Gesi iligunduliwa 2008, kisima kikaunganishwa na kuanza kuzalisha mwaka 2016. Kilikuwa na makadirio yake, kilikuwa na mnunuzi, na mtambo wa kusafisha gesi ulikuwa hapo hapo kisiwani. Ilikuwa ni kazi rahisi kuliko zote. Haikufika hata miaka mitatu presha ikaporomoka na uzalishaji ukasimama. Wataalamu walichora mwamba chini ya ardhi kwa kutumia data za mitetemo na vipimo vya kisima kimoja, na mwamba wenyewe ukajibu vingine. Kisima kimoja ni dirisha dogo kwenye nyumba kubwa usiyoweza kuingia.

Kwa mafuta pengo kati ya kilichopo na kinachovunwa ni kubwa zaidi. Uganda, kando ya Ziwa Albert, mafuta yaliyopo yanakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5. Yanayoweza kuvunwa ni kama bilioni 1.4. Yaani katika kila mapipa 10 yaliyomo kwenye mwamba, karibu 8 yatabaki humo humo. Anayesoma namba ya kwanza na anayesoma ya pili wote wanasema kweli, ila wakikutana kijiweni watabishana hadi usiku.

Uganda inatuhusu moja kwa moja watu wa pwani hii, kwa sababu mafuta hayo yanakuja kwetu. Bomba la EACOP la kilomita 1,443 linatoka Hoima na kuishia Chongoleani, Tanga, kaskazini mwa hapa tulipo. Mafuta yale yaligunduliwa 2006. Tangu hapo mwaka wa kutoka pipa la kwanza umetajwa mara nyingi: iliwahi kusemwa 2009, ikaja 2018, ikaja 2020, ikaja 2025. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifanywa Februari 2022, miaka 16 baada ya ugunduzi, na mwaka 2025 uliisha bila tone kufika Chongoleani. Mwishoni mwa 2025 ilitajwa 2026, na safari hii kuna bomba linalofukiwa ardhini na matangi yanayoonekana kwa macho, kwa hiyo tuna sababu ya kuiamini zaidi kuliko tarehe zilizopita. Matarajio ni mapipa 230,000 kwa siku wakati wa kilele. Tunaomba msikilizaji alishike neno hilo "kilele". Ni kiwango cha miaka michache ya mwanzoni. Baada ya hapo uzalishaji hushuka mwaka hadi mwaka, na mpango wowote wa mapato unaochukua siku ya kilele na kuizidisha kwa miaka 25 utakuwa umekosea tangu ukurasa wa kwanza.

Kenya nao wana yao. Mafuta ya Turkana yaligunduliwa 2012. Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na mapipa 200,000 yaliyokuwa yamesafirishwa kwa malori kutoka Lokichar, bendera zikapeperushwa. Bomba halikujengwa, na mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliyogundua mafuta hayo ikauza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy. Mafuta bado yapo Turkana, yameingia mikono mingine na makadirio mengine.

Lakini kama kuna tukio moja la kumfundisha mtu tofauti ya ngazi zile tatu, ni la hapa nyumbani, Januari 2021. Kampuni ya Equinor ya Norway, yenye kitalu namba 2 kwenye kina kirefu mbele ya Lindi, ilitangaza kufuta kwenye vitabu vyake vya hesabu dola milioni 982 za mradi wa gesi ya Tanzania. Ilisema mradi haujaonyesha faida ya kutosha kubaki kwenye mizania. Simu zililia sana studio wiki ile. Watu waliuliza: gesi imekauka? Gesi haikupungua hata futi moja. Kilichofanyika Oslo na Stavanger ni kuhamisha namba kutoka safu moja ya daftari kwenda nyingine. Juni 2022 serikali ilitia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell, na Mei 2023 ikaelezwa kwamba mazungumzo yamekamilika. Mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Likong'o unatajwa kugharimu takriban dola bilioni 42. Hadi mwishoni mwa 2025 uamuzi wa mwisho wa uwekezaji haukuwa umefanywa. Kabla ya uamuzi huo, kila tarehe ya gesi ya kwanza ni nia tu.

Hapa Bagamoyo hatuhitaji kufundishwa sana kuhusu nia. Tulitangaziwa mwaka 2013 bandari ya Mbegani itakayokuja kuhudumia makontena milioni 20 kwa mwaka. Hebu tuendelee.

Huenda mtu akadhani haya ni matatizo ya nchi zetu changa, na kwamba huko mafuta yanakochimbwa tangu enzi za mababu takwimu zimenyooka. Sivyo. Katikati ya miaka ya 1980, wanachama kadhaa wa OPEC walipandisha ghafla takwimu za akiba zao. Falme za Kiarabu ziliruka kutoka mapipa bilioni 33 mwaka 1985 hadi bilioni 97 mwaka uliofuata. Saudi Arabia iliongeza kutoka bilioni 170 hivi hadi 255 mwaka 1988. Hapakuwa na ugunduzi mpya wa ukubwa huo. Wachambuzi wengi wanalihusisha hilo na mjadala wa wakati ule ndani ya OPEC, kwamba mgao wa kila nchi uangalie pia ukubwa wa akiba yake. Namba hizo hazikuwahi kukaguliwa na mtu wa nje kwa uwazi, na ziliendelea kunukuliwa kwenye vitabu vya takwimu mwaka baada ya mwaka, mara nyingine bila kubadilika hata baada ya mabilioni ya mapipa kuchotwa.

Hata uzalishaji wa jana tu una utata. Ripoti ya kila mwezi ya OPEC huchapisha majedwali mawili ya uzalishaji wa wanachama wake: moja ni namba zilizoletwa na nchi zenyewe, la pili ni makadirio ya vyanzo vya nje. Majedwali hayo hayalingani. Fikiria chama cha ushirika kinachoandika mahesabu ya mwanachama mara mbili, upande huu alivyosema mwenyewe na upande huu majirani walivyomwona. Machi 2022 OPEC iliamua hata kubadili majirani hao: iliacha kutumia takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, ikaweka kampuni mbili za utafiti badala yake.

Wanaokadiria kutoka nje hufanya kazi kama polisi wa doria. Wanahesabu meli zinazotoka bandarini na jinsi zilivyozama majini. Wanatazama kwa setilaiti vivuli ndani ya matangi ya mafuta, kwa sababu paa la baadhi ya matangi huelea juu ya mafuta, hivyo kivuli kikiwa kirefu tangi linaelekea kuwa tupu. Lakini kuna meli zinazozima vifaa vya kuonyesha zilipo, hasa zinazobeba mafuta ya nchi zilizowekewa vikwazo, na kuna matangi ya chini ya ardhi yasiyo na kivuli.

Kama jana haijulikani sawasawa, kesho itakuwaje? Mwanzoni mwa 2024 OPEC ilitabiri kwamba mahitaji ya mafuta duniani yangeongezeka kwa zaidi ya mapipa milioni 2.2 kwa siku mwaka huo. IEA ilisema milioni 1.2 hivi. Tofauti hiyo ni mapipa milioni moja kila siku, zaidi ya mara nne ya yote yatakayotoka Uganda siku ya kilele. Kuanzia Agosti OPEC ilipunguza utabiri wake mwezi baada ya mwezi hadi Desemba, na IEA nayo ikaishia chini ya pale ilipoanzia. Mwaka 2025 walirudia: Oktoba, IEA ilisema mwaka 2026 dunia inaweza kuwa na ziada ya karibu mapipa milioni 4 kwa siku, huku OPEC ikiona soko lililokaribia kulingana. Tuseme wazi tunavyoona: OPEC ni chama cha wauzaji, na IEA iliundwa 1974 na nchi wanunuzi baada ya kubanwa na mgogoro wa mafuta. Wote wana wataalamu wazuri, lakini pande zote mbili zina maslahi. Tukisoma utabiri hewani bila kutaja nani kautoa, tunakuwa tumeficha nusu ya habari.

Wapo pia waliopatia na bado wakakosea. M. King Hubbert, mjiolojia wa Shell, mwaka 1956 alisema uzalishaji wa mafuta Marekani ungefika kileleni kati ya 1965 na 1970. Ulifika 1970, ukaanza kushuka, naye akawa kama nabii. Miaka 40 baadaye wachimbaji walijifunza kupasua miamba migumu kwa presha ya maji na mchanga, na Marekani iliyokuwa imeshuka hadi mapipa milioni 5 kwa siku mwaka 2008 sasa inazalisha zaidi ya milioni 13. Hesabu ya Hubbert ilikuwa nzuri kwa mafuta aliyoyajua yeye.

Sasa turudi kwenye mfuko. Tanzania haizalishi mafuta ghafi. Kila lita inayoingia kwenye bodaboda ya Bagamoyo na kwenye mashine ya boti imekuja kwa meli. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo ya kila wilaya, na bei hiyo hufuata soko la dunia la wiki zilizotangulia, gharama za kuleta meli, thamani ya shilingi na kodi. Soko la dunia nalo hutikisika kwa ripoti zile zile za OPEC na IEA. Mtabiri akibadilisha maoni yake Vienna au Paris, mwangwi wake huchukua wiki kadhaa kufika kwenye mnada wa samaki, lakini hufika. Ndiyo sababu mtu anaweza kusikia kwenye taarifa ya habari kwamba mafuta yameshuka duniani, akaenda kituoni akakuta bei ni ile ile au imepanda. Taarifa ni ya leo, na shehena iliyomo kwenye tangi ilinunuliwa kwa bei ya zamani.

Upande wa gesi gharama ya kukosea ni ya muda mrefu zaidi. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilijengwa kwa zaidi ya dola bilioni 1.2, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na lina uwezo wa kupitisha futi milioni 784 kwa siku. Lilizinduliwa Oktoba 2015. Ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2015/16 ilionyesha kwamba lilikuwa linatumika kwa asilimia 6 tu ya uwezo wake. Gesi ilikuwapo ardhini, bomba lilikuwapo, ila mitambo ya umeme na viwanda vilivyotabiriwa kuinunua havikuwa tayari, na riba ya mkopo haikusubiri. Baadaye matumizi yaliongezeka. Kisha Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 likaanza kuzalisha, na makadirio ya gesi itakayohitajika kwa umeme yakabidi yaandikwe upya. Hakuna aliyedanganya hapo pia. Waliotabiri mahitaji walitabiri kila kitu kwenda kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa miradi mikubwa ni nadra kama mvua ya Agosti.

Kwa sababu hiyo chumba chetu cha habari kimebadilisha namna ya kusoma habari hizi. Taarifa ya ugunduzi ikija, kabla ya kuirusha tunataka kujua namba ni ya kilichopo au ya kinachoweza kuvunwa, imetokana na visima vingapi, na nani aliyeithibitisha mbali na kampuni yenyewe, kwa sababu kampuni inayotafuta mkopo au mbia ina kila sababu ya kutaja namba kubwa. Ikitajwa tarehe ya kuanza, tunauliza kama uamuzi wa mwisho wa uwekezaji umefanywa. Tunaweka pia daftari la tarehe za zamani, ili tarehe mpya ikitoka tuisome pamoja na zile ilizozirithi. Ni kazi ndogo, lakini tungekuwa nayo Februari 2016 tusingewaambia wasikilizaji wa Makurunge kwamba akiba imeongezeka.

Tungewaambia hivi: katika bonde la Ruvu kampuni imechimba na kukuta gesi, inakadiria futi trilioni 2.17 zimo kwenye mwamba, haijulikani bado ni kiasi gani kitatoka, hakuna bomba wala mnunuzi aliyetajwa, na kutoka ugunduzi hadi kuuza inaweza kuchukua miaka 8 kama Kiliwani North au miaka 30 kama Songo Songo. Ni habari isiyo na msisimko, na pengine isingepata hata simu tatu. Kwa msikilizaji wa Makurunge aliyeuliza wiki iliyopita, jibu letu ni hilo hilo, pamoja na hili: ile 2.17 bado imo kwenye jumla ya 57.54 inayosomwa kila mwaka, na Mto Ruvu unaendelea kutupa maji.